Maua ya Bahari ya Kapteni Kamis

Kyebando, Kampala
12 Agosti 1973

Mwanangu Obwona,

Kabla ya neno lolote pokea salamu za mama yako, mzima wa mwili, ni magoti tu yanayolalamika nikipanda kilima cha Old Kampala asubuhi. Bibi yako Halimah anakusalimu, bado anakula kwa nguvu na bado anagombana na redio. Dada yako Anena anakusalimu, amekuwa mrefu, sare ya shule nimeishusha upindo mara mbili na sasa upindo umekwisha. Jirani Santina anakusalimu yeye na watoto wake wote, hata yule mchanga ambaye hukumwona, anaitwa Atim. Mzee Erinayo wa duka la pembeni anakusalimu, anauliza kama kweli huko mnafuga samaki wenye rangi kama kanga. Nimemwambia ni kweli, akatikisa kichwa akasema Mombasa imeharibika. Baba yako sina salamu zake za kukupa. Tangu walipomwita pale kambini mwaka jana hatujapata mtu aliyemwona. Sisemi zaidi, unajua nami najua.

Barua hii naiweka mkononi mwa Hippolyte, dereva wa lori aliyekuvusha wewe, haipiti posta, kwa hiyo nasema mambo kama yalivyo.

Unaikumbuka nyumba ya Bwana Sulaimani ambako nilifanya kazi tangu wewe hujaota meno ya pili. Walipoondolewa Wahindi mwaka jana aliacha kila kitu, viti, sahani, na lile tangi lake la kioo sebuleni lenye samaki wa bahari na mawe na yale maua ya nyama yanayofunguka na kufumba. Nyumba akapewa Kapteni Kamis, nami nikabaki ndani yake kama kabati. Kapteni analipenda lile tangi kuliko gari lake. Anamtuma Hippolyte huko kwenu alete mapipa ya maji ya bahari, vilevile kama alivyofanya Bwana Sulaimani, na ndiyo maana barua zetu zimepata miguu.

Sasa yale maua yamelala, mwanangu. Yamejikunja yamekuwa kama soksi kuukuu. Yaliyokuwa ya kijani yamekuwa kahawia, na yale ya pembeni yanageuka meupe. Samaki wanaogelea vizuri, wanakula, lakini huko chini kwenye mchanga ni giza kama chai ya rangi. Nadhani ni taa. Taa zinawaka, lakini zinawaka kama mtu anayejibu salamu bila kukutazama.

Nisingekusumbua kwa samaki wa watu. Sikiliza sababu. Anena akitoka shule hupita pale tukarudi nyumbani pamoja. Kuna rafiki wa Kapteni, mtu wa ile ofisi inayochukua watu, kijana wa miwani myeusi, amemwona. Ameuliza, "Huyu binti ya nani?" Nikasema wangu. Akasema, "Najua wako. Na baba?" Nikajifanya maziwa yanachemka jikoni. Atauliza tena. Siku atakayojua ni mtoto wa Komakech, polisi Mwacholi, kabila wanalolisaka, sitaki kuimaliza hiyo sentensi.

Basi nilimwomba Kapteni aniandikie barua ya mpakani, Anena aende Mombasa kumwuguza shangazi. Wewe ndiye shangazi. Kapteni alikuwa anatazama tangi, hakugeuka. Akasema, "Mama, hii maua iko na shida gani? Inalala mchana kama askari mlevi. Wakwe yangu nakuja Idd. Nilishawambia mimi iko na bahari ndani ya nyumba. Wakikuta matope, nasema nini?" Halafu akacheka akasema, "Wewe fungua hii maua, mimi nafungua mpaka."

Alisema kwa mzaha, lakini mimi nimeishi na wenye bunduki miaka mingi, mzaha wao ndio neno lao. Kwa hiyo wewe unayefanya kazi ya samaki hao, niambie nifanye nini. Nina mikono na nina akili yangu, najua nitaweza. Nijibu upesi.

Mama yako,
Rukiah

—

Mombasa
25 Agosti 1973

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Hippolyte nikiwa nimeinama ndani ya tangi, nikaisoma kwa mkono mmoja mkavu. Msalimie Bibi, umwambie redio haisikii anavyoitukana. Msalimie Santina na Atim mgeni, na Mzee Erinayo umwambie Mombasa iliharibika zamani, tunamngoja yeye tu. Anena mwambie asipite tena pale nyumbani kwa Kapteni. Aende moja kwa moja kwa Santina.

Sasa tangi. Kwanza ujue, mama, hayo unayoyaita maua ni wanyama. Yana mdomo na yana tumbo. Lakini ndani ya nyama yao kuna vijani vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, navyo vinaishi kwa mwanga kama mahindi shambani. Mwanga ukipungua vijani vinakufa, na mnyama anashinda njaa hata ukimlisha. Kwa hiyo umeona sawasawa, ni taa. Hapa bandani kwa tajiri wangu Mzee Jafar tulipata ugonjwa huohuo na tukauponya.

Taa inadhoofika kwa njia nyingi, na nyingi hazionekani. Anza na iliyo rahisi. Zima swichi ukutani kabla hujagusa chochote, hili nakuomba kama mwanao. Kisha funua kile kisanduku cha mbao kilichoshika tyubu, zile taa ndefu. Chini ya tyubu kuna kioo kinachofunika tangi. Maji ya bahari yakirukaruka yanakauka juu yake na kuacha chumvi, na chumvi hiyo ni kama ukungu. Ifute kwa kitambaa chenye maji matamu, usitie sabuni hata chembe. Zifute na tyubu zenyewe. Tazama ncha zake, zikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni basi zimezeeka. Tyubu huzeeka ikiwa bado inawaka, mama, macho yetu yanaizoea tu. Ya Bwana Sulaimani bila shaka imepita mwaka. Kama inapepesa inapowashwa, badilisha stata, kile kikopo kidogo cha pembeni. Na pale zinaposhikwa, ukikuta kutu ya kijani, mwambie fundi akwangue.

Baada ya hapo fanya jaribio. Funga mapazia, washa taa, shika kitabu nje ya kioo usawa wa mchanga. Kama huwezi kusoma, mwanga haufiki.

Kama haitatosha nitakuja mwenyewe. Hippolyte amekubali kuniweka nyuma ya mapipa. Naweza kulitengeneza kwa muda wa asubuhi moja nikarudi na Anena.

Mwanao,
Obwona

—

Kyebando
9 Septemba 1973

Mwanangu Obwona,

Marahaba. Hatujambo sote niliowataja mara ile, na sasa ongeza mbuzi wa Santina ambaye amezaa. Bibi nilimsomea barua yako. Akasema, "Mnyama asiyefanya kazi, anakula umeme na kuletewa maji kwa lori? Huyo si mnyama, huyo ni afisa." Nilimfunga mdomo kwa mkono wangu, dirisha lilikuwa wazi.

Kwanza hili la kuja. Hukuniuliza, umenieleza, kwa hiyo nami nakueleza. Huji. Pale mpakani Malaba wanatoa watu kwenye malori na kuwatazama usoni, na uso wako ni wa baba yako, hata masikio. Mimi siogopi tangi, siogopi Kapteni, yule wa miwani namwogopa kiasi. Ninachoogopa sana ni miguu yako. Iweke huko huko. Hippolyte nimemwambia nikikuta mtoto wangu nyuma ya pipa, nitampasulia taa zote za lori lake. Alicheka, lakini alinielewa.

Sasa kazi. Nilizima swichi, nikangoja, nikazima tena kwa sababu ya hofu, kumbe nimewasha. Anena akanishika mkono. Chumvi ilikuwepo, mwanangu, imeganda kama ukoko wa wali, ilibanduka vipande vipande. Nilifuta kioo mpaka nikajiona. Tyubu zote mbili zilikuwa nyeusi kwenye ncha. Kutu ya kijani ilikuwepo, fundi Ogwal akaikwangua na msasa, akatazama stata akasema ni nzima.

Tyubu mpya ndiyo shughuli. Nilizunguka mji mzima. Maduka ya umeme yamepewa watu wasiojua umeme. Mmoja aliniuzia birika badala yake, yaani alijaribu. Mwingine aliniuliza tyubu ni ya tairi la baiskeli au la gari. Pale soko la Nakasero muuza nyama akanipa shauri nichukue taa yake nyekundu, nyama inaonekana mbichi chini yake. Nikamwambia wangu ni wazima, hawahitaji kuonekana wabichi. Mwisho Kapteni mwenyewe akaleta tyubu mbili kutoka kambini. Sikuuliza ni chumba gani kimebaki gizani.

Zikawashwa. Siku ile tukafurahi, samaki wa rangi ya chungwa akazunguka kama bwana harusi. Lakini maua hayakuinuka. Anena alishika kitabu chake cha Jiografia usawa wa mchanga, akasema anaona ramani lakini herufi hazioni.

Uliza lolote. Lakini usiniulize kama nimelitunza, kwa sababu nimelitunza kuliko Bwana Sulaimani mwenyewe. Yeye alikuwa anaacha tangi lile uchi uchi tu, vumbi juu, magazeti juu. Mimi nimeliweka kama kitu cha heshima. Hakuna kilichoharibika mkononi mwangu.

Anena hapiti tena kwa Kapteni akitoka shule, namchukua tu siku ya kazi ya tangi, Kapteni na rafiki zake wakiwa hawapo. Lakini yule wa miwani alikuja jana akauliza, "Binti anaumwa?" Nikasema anasoma. Akasema elimu ni kitu kizuri.

Ramadhani inakaribia, na Idd nyuma yake. Jibu upesi.

Mama yako,
Rukiah

—

Mombasa
20 Septemba 1973

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimekutii, miguu yangu iko hapa. Usimpasulie Hippolyte taa.

Tyubu za kambini huenda zilikuwa zimechoka tayari, kambi huwasha mchana na usiku. Ninakupelekea mbili mpya kabisa, nyeupe, za aina tunayotumia hapa. Nimezifunga ndani ya kanga mbili na kuzilaza katikati ya godoro la Hippolyte, naye analala chini kwa ajili ya Anena. Kanga ni zako. Mwambie fundi Ogwal atazame na choki, kile chuma kizito kinachonguruma ndani ya kisanduku. Kikiwa cha moto sana, kinakula nguvu ya taa.

Pia nimetia mfuko wa mkaa uliooshwa vizuri. Uweke pale maji yanapochujwa. Maji yakiwa na rangi ya chai, mwanga unaishia njiani.

Nikikaa usiku nafikiri, naona kama kuna kitu ambacho sikioni. Chumvi umetoa, tyubu umebadilisha, kutu imekwanguliwa. Ningekuwa nimesimama pale ningeona kwa jicho moja. Nakuamini, mama, lakini tangi haliongopi. Kuna kitu.

Na hili nalo: barua ya Kapteni iwe ya watu wawili. Ya Anena na yako. Chumba changu hapa Majengo ni kidogo lakini kina dirisha. Usinijibu kwa mzaha.

Mwanao,
Obwona

—

Kyebando
1 Oktoba 1973

Kaka Obwona,

Hujambo. Ni mimi Anena, naandika peke yangu, Mama amekwenda kufuturu kwa Mama Santina, ambaye hafungi lakini anapenda futari. Hippolyte ananingoja hapa mlangoni na injini inawaka, kwa hiyo sitasalimia kwa niaba ya kila mtu. Wote wapo.

Tyubu zako zimefika salama, zimewekwa. Choki imetazamwa, ni sawa. Mkaa umewekwa na maji sasa ni safi. Na bado herufi hazisomeki.

Kaka, Mama hakwambii kuhusu kitambaa. Hakufichi, yeye haoni kama kina habari ya kueleza. Kapteni alipoingia nyumba ile Mama alisema nyumba ya mtu mkubwa haikai uchi. Akachukua uzi mweupe na kijiti cha kufumia, akafuma vitambaa vya viti, cha redio, cha meza, na kikubwa kuliko vyote ni cha tangi. Amekitandika juu ya kile kioo, chini ya zile tyubu. Kisanduku cha taa kimekaa juu yake kama sufuria juu ya mkeka. Kingo zake zinaning'inia mbele zikiwa na maua ya kufuma. Kila Ijumaa anakifua, anakitia wanga wa muhogo mpaka kinasimama chenyewe kama bati, anakirudisha. Alipofuta ile chumvi alikitoa, akafuta kioo mpaka kikang'aa, halafu akakitandika tena, kimepigwa pasi.

Nilikuwa nakiona kila mara bila kukifikiria, niligundua juzi tu nilipokwenda naye kubeba tyubu. Nikamwambia, "Mama, si hiki ndicho kinaziba?" Akasema, "Kina matundu." Nikamwambia matundu yamejaa wanga. Akasema siku nitakapokuwa na nyumba yangu nitaiacha uchi nikipenda.

Tatizo lingine, Kapteni anakipenda. Alileta mgeni mmoja akamwonyesha kitambaa, "Hii mama yangu nashona." Akaagiza kingine cha simu. Mama alitembea mwezi mzima akiwa na furaha ile.

Usimwambie ni mimi niliyesema. Atanipiga na kijiti.

Ninaogopa kidogo. Gari lisilo na namba lilisimama karibu na shule mara mbili. Mama sijamwambia.

Dada yako,
Anena

—

Mombasa
8 Oktoba 1973

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Msalimie Bibi, Santina, Atim, Mzee Erinayo na mbuzi. Msalimie sana Anena, umwambie aache shule mpaka Idd. Asiulize kwa nini, na wewe usimwulize.

Nimefikiri na nimelipata lile nililosema silioni. Mwanga wa tyubu, mama, ni kama maji ya bomba yenye nguvu ndogo. Kitu chochote kikisimama katikati, hata chepesi, hata chenye matundu, hata kizuri, unakosa nusu ya maji. Kwa hiyo nakuomba utoe kila kitu kilicho kati ya tyubu na maji. Hata kama kimetengenezwa kwa mkono unaoujua. Mkono huo haukukosea. Sote nyumbani tumelelewa hivyo, redio yetu ilikuwa na kitambaa, saa ilikuwa na kitambaa, na Baba alikuwa anasema hata yeye akikaa kimya sana utamfunika. Lakini bahari ndiyo kitu pekee ambacho hakivai.

Ila usikitoe chote mara moja. Hapa ndipo ninapokuhitaji uwe na subira kuliko fundi yeyote. Wanyama hao wamekaa kivulini karibu mwaka mzima. Ukiwatupia mwanga wote wa tyubu mpya leo, wataungua kama mtu aliyetoka jela kwenda juani. Kitambaa hicho hicho kitakusaidia. Kikunje robo, upande wa nyuma. Waache wauzoee. Wakianza kuvimba, kikunje nusu. Halafu robo tatu. Siku chache kabla ya Idd kitoe kabisa. Ukiona mmoja anageuka mweupe, rudisha kidogo umpumzishe. Hakuna fundi hapa Mombasa angeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu anayekijua kitambaa chake uzi kwa uzi.

Kuhusu Kapteni, kitambaa kitakapotoka kipe mahali pengine pa heshima, apaone.

Hujanijibu kuhusu barua ya watu wawili. Nakungoja.

Mwanao,
Obwona

—

Kyebando
30 Oktoba 1973

Mwanangu Obwona,

Barua hii inaletwa na mwenyewe. Mtazame vizuri, ndiye Anena. Usishangae urefu. Bibi anakusalimu, Santina anakusalimu, Atim anaota jino, Mzee Erinayo anakusalimu na amempa Anena pipi za njiani, naye Anena anasema yeye si mtoto na pipi amezila kabla hazijafika kwenye mfuko.

Najua ni nani aliyekuambia habari ya kitambaa. Sikumpiga. Nilikaa nacho mapajani jioni ile nikakitazama dhidi ya balbu ya jikoni, na kweli, mwanangu, wanga ulikuwa umeziba kila tundu, ilikuwa kama kutazama ukuta. Nilicheka peke yangu mpaka Bibi akauliza kama nimekula daku mara mbili. Nimewafanya wanyama wa watu wafunge mwaka mzima, na Ramadhani ilikuwa bado.

Nikakikunja robo. Nilikuwa nafika pale alfajiri, kabla ya kufagia, nawatazama kwanza wao. Siku za mwanzo hakuna. Halafu yule mkubwa wa katikati akavimba pembeni, kama mtu anayeamka lakini hataki watu wajue. Nikakunja nusu. Mmoja mdogo akapauka, nikarudisha upana wa vidole viwili, akapona. Kapteni akaja akasimama nyuma yangu. "Mama, kwa nini unavua yeye nguo?" Nikamwambia, "Afande, bahari haivai." Nimekuibia maneno. Akasema, "Na hii nguo?" Nikamwambia itakaa kwenye kiti cha baba mkwe, asiketi mahali ambapo kila askari anaketi. Hilo alilipenda sana. Akamwita dereva wake aje asikie.

Siku ya Idd nilivuta mapazia, nikawasha. Ningependa ungeona. Yalisimama yote, mwanangu, mapana kama sahani, ya kijani yenye ncha za zambarau, yakipunga kama mikono ya wanawake kwenye arusi. Yule samaki wa chungwa akajilaza katikati yake kama mtoto mchanga. Baba mkwe akasimama mlangoni, hakuvua hata kofia. Akauliza, "Hii ni sinema?" Shangazi wa bibi harusi, mama mmoja mnene wa Arua, akataka kuwatupia pilau. Nikamshika mkono, nikamwambia wameshiba taa. Akasema, "Taa tu? Basi nitawaozesha wanangu kwao." Kapteni akawaambia wageni, "Hii yote mimi mwenyewe natengeneza." Nikaendelea kugawa sharubati.

Yule wa miwani naye alikuja. Alikula, akanawa, akaja jikoni. "Mama, binti yako simwoni siku hizi." Nikamwambia shangazi yake ni mgonjwa, anafunga mizigo. "Shangazi upande wa nani?" Kapteni akapaza sauti kutoka sebuleni, "Wacha mama, yeye nafanya kazi ya bahari!" Watu wakacheka, akarudi kuketi. Lakini alinitazama, na najua swali lake limebaki palepale, anayo nafasi ya kuliuliza siku nyingine.

Wageni walipoondoka Kapteni alikuwa na furaha ya mtu aliyeoa kabla ya arusi. Akatoa karatasi yenye muhuri. Akaniuliza, "Naandika majina mangapi?"

Sasa nakujibu lile uliloliuliza mara mbili.

Nilisema moja.

Usiikunje barua, soma mpaka mwisho. Si kwa sababu ya Bibi, ingawa Bibi hawezi kupanda lori na hataki, anasema hatakwenda kufia mahali ambapo mchele unatiwa nazi. Wala si kwa sababu baba yako anaweza kurudi akakuta mlango umefungwa, ingawa hilo nalo nalifikiri. Nimepiga hesabu yangu vizuri. Hippolyte anaondoka na Anena alfajiri. Saa moja mimi nitakuwa Old Kampala nafuta kile kioo, kama kila siku. Kapteni ataamka, atanikuta, ataniamkia. Yule wa miwani akipita atanikuta. Nikiwa pale na kitambaa mkononi, Anena ni msichana aliyekwenda kumwuguza shangazi yake. Nisipokuwa pale, ni mtoto wa Komakech aliyetoroka, na watapiga simu Malaba kabla lori halijafika Tororo. Barua ile ina nguvu kwa sababu mimi nimebaki. Ni mimi ndiye muhuri wake.

Usilie, na usije. Siko kifungoni. Wanyama wananijua, nikisogea wanageuka. Kapteni amesema hakuna mtu mwingine atakayegusa tangi lile, na nimemwona akimfokea koplo aliyeegemea kioo. Kazi yangu naiweza kuliko mtu yeyote aliyebaki Kampala, na aliye na kazi ambayo hakuna mwingine anaiweza, huyo wanamfikiria mara mbili. Nikiona mambo yamegeuka nitajua kabla yao, kama ninavyojua tyubu inayochoka.

Anena hajui kwamba jina ni moja, barua hii nimeifunga kwa gundi na ile karatasi yenye muhuri anayo Hippolyte. Nimemwambia nitafuata baada ya arusi ya Kapteni. Mwambie wewe, taratibu, siku atakayouliza, si leo. Anapenda chai yenye tangawizi nyingi. Akikasirika hula kucha, mshike mkono. Mtafutie shule. Anafahamu Jiografia.

Hippolyte anashusha mizigo huko na kurudi mara hiyohiyo, hangoji. Kwa hiyo nakuomba, akifika tu, usingoje aoge, usingoje ale, usingoje hata akae. Chukua karatasi yoyote, andika kwamba umemwona kwa macho yako, umpe Hippolyte. Halafu ndipo umpe mtoto chakula.

Mama yako,
Rukiah